Tembo yatima wa Pilanesberg: kuacha kuua siyo kupona

Kuanzia mwaka 1992 askari wa hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, walianza kukuta mizoga ya faru weupe porini, leo mmoja, baada ya muda mwingine, na wa kwanza kushukiwa ni majangili maana nani mwingine anaua faru. Ila pembe zilikuwa bado zipo. Hakuna jangili anayehangaika kuua faru halafu akamwacha na pembe yake. Na kwenye mizoga hakukuwa na matundu ya risasi, kulikuwa na majeraha mapana ya kuchomwa mgongoni na mabegani, na kwa pori lile mnyama mwenye kitu cha kuchoma hivyo ni mmoja tu. Tembo.

Ilikuwa ngumu kuamini. Tembo na faru wanakaa pori moja miaka yote, tembo akitaka kunywa maji faru anampisha, mambo yanaisha hapo. Hawa walikuwa wanawafuata faru, wanawakimbiza, wanawaangusha na kuwachoma, na wengine walionekana wakijaribu kuwapanda kama wanapanda tembo jike. Mpaka 1997 walikuwa wameshakufa faru zaidi ya 40. Wauaji ni madume vijana, na wote yatima, wote wametokea sehemu moja kwa njia moja. Kisa hiki husimuliwa sana kama cha tembo wahuni waliokosa wakubwa wa kuwakanya, na ni kweli, ila mi naona hiyo ni nusu tu ya kisa. Kuna majike pia. Walipitia yale yale, hawakuua mtu wala faru, na kwa sababu hawakuua hakuna aliyewauliza habari zao kwa miaka mingi.

Turudi nyuma kidogo. Hifadhi ya Kruger, nayo ya Afrika Kusini, ilijiwekea kwamba tembo wake wawe kama 7,000 tu, wakizidi wanamaliza miti na wanyama wengine wanakosa pa kukaa. Kwa hiyo kuanzia 1967 mpaka 1994 tembo wakawa wanauawa kwa mpango, jumla yake zaidi ya 14,000. Helikopta ilikuwa inaisukuma familia nzima mpaka inajikusanya pamoja, halafu kutoka juu wanapigwa sindano ya dawa inayolegeza misuli, tembo anaanguka hawezi kunyanyua hata sikio lakini akili yake iko macho kabisa, baadaye ndo anamaliziwa kwa risasi. Na walikuwa wanaua familia nzima kwa makusudi, hoja yao ni kwamba akibaki hata mmoja atabaki na machungu. Yaani walishajua kabisa kwamba tembo anayebaki anaumia.

Sasa pamoja na kujua hivyo, watoto wa umri fulani waliachwa hai. Wale wachanga kabisa wasingeishi bila maziwa, wale wakubwa hawakuwa na lori la kuwabeba, teknolojia ya kuhamisha tembo mzima ilikuwa bado, kwa hiyo wakachukuliwa wa katikati, wanaoweza kula majani wenyewe na wanaoenea kwenye boksi la kusafirishia. Wakati wanasubiri kupakiwa, baadhi yao walifungwa kamba kwenye mzoga wa mama yao ili wasikimbie. Mtoto wa miaka miwili mitatu, ameshasikia helikopta, ameshaona mama kaanguka, bibi kaanguka, mama wadogo wote chini, na amefungwa pale pale kwenye mguu wa mama yake mpaka lori lije. Kila nikifika hapa kwenye kisa hiki huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya, hilo lazima lisemwe. Pilanesberg ilikuwa hifadhi mpya, imeanzishwa 1979, kilometa za mraba kama 550 ndani ya mabaki ya volkano iliyokufa zamani sana, zamani kulikuwa na mashamba pale, wanyama wakawa wanaletwa kwa maelfu kujaza upya. Tembo wakahitajika, Kruger kuna watoto ambao vinginevyo wangepigwa risasi, basi wakaletwa kwa awamu miaka ya 80 mpaka mwanzoni mwa 90. Kwa akili ya wakati ule ni uokoaji, na kwa maana ya kubaki hai waliokolewa kweli.

Ila angalia nini kilikatwa. Tembo anabeba mimba miezi 22. Mtoto akizaliwa ubongo wake ni mdogo sana ukilinganisha na utakavyokuwa ukubwani, sehemu kubwa unakua akiwa ameshazaliwa, akitembea chini ya tumbo la mama, kati ya miguu yake. Mkonga wenyewe hajui kuutumia, anaukanyaga, anaunyonya, anachukua miezi kujifunza kuvuta maji. Anaweza kunyonya mpaka miaka minne na zaidi. Na hamlei mama peke yake, kuna dada na binamu wanaomkimbilia akilia, kuna bibi mwenye kundi anayejua maji yako wapi mwaka wa ukame na nani rafiki na nani adui. Dume anakaa hapo mpaka kwenye miaka 12 au 14 hivi, akiondoka anajiunga na madume wakubwa na shule nyingine inaanza. Kwa hawa watoto wa Kruger vyote hivyo vilikatika asubuhi moja, halafu wakashushwa mahali wasipopajua wakiwa na wageni wenzao wa umri ule ule.

Wenye hifadhi waliliona pengo. Wakaletwa majike wawili wazima, Durga na Owalla, tembo wa Afrika waliokuwa Marekani kwenye maonyesho na wakarudishwa huku na mkufunzi wao Randall Moore, ili wale watoto wapate wakubwa wa kuwafuata. Na watoto waliwafuata kweli, yatima hachagui. Lakini fikiria Durga na Owalla wenyewe, nao walikamatwa porini wakiwa wadogo na kupelekwa ng'ambo. Wakawa wanalea watoto waliokosa mama, wao wenyewe wakiwa hawakumaliza kulelewa.

Miaka kumi hivi kukawa kimya, na hicho kimya ndicho kinachowadanganya watu kwenye mambo ya watoto na machungu, mtoto anakula, anakua, anacheza, watu wanasema amesahau. Kisha madume wakafika umri wa homoni.

Dume la tembo likikomaa linaingia kwenye hali inayoitwa masti, majimaji yanatiririka kutoka kwenye tezi kati ya jicho na sikio, mkojo unadondoka muda wote, testosteroni, homoni ya kiume, inapanda mara nyingi kuliko kawaida na dume linakuwa kali, linatafuta majike na halitaki mtu mbele yake. Kwa tembo wa Afrika jambo hili lilielezwa vizuri na Joyce Poole na Cynthia Moss kutokana na utafiti wa Amboseli, Kenya, walilitangaza mwaka 1981, kabla ya hapo wengi walidhani ni la tembo wa Asia tu. Kawaida dume linaanza masti kwenye miaka 25 mpaka 30 na mwanzoni inakaa siku chache tu. Sababu ni wakubwa. Dume dogo likiwa kwenye masti likakutana na dume kubwa nalo liko kwenye masti, likisukumwa kidogo tu, dalili zake zinaweza kupotea ndani ya dakika au masaa. Mwili wenyewe unakubali kwamba zamu yako bado.

Pilanesberg hakukuwa na mkubwa hata mmoja. Madogo wakaanza masti kwenye miaka 18 na ikawa inakaa muda mrefu ajabu kwa umri ule, bila wa kuwatuliza. Ni kama kuwaingiza vijana jandoni kukawa hakuna kungwi, nguvu zinakuja na hakuna wa kuwaambia ni za nini.

Kwanza walipigwa risasi baadhi ya waliotambuliwa kuwa wauaji. Haikuondoa shida maana shida haikuwa ya dume mmoja mkorofi. Mwaka 1998 wakajaribu kitu kingine, na wakati huo malori ya kubeba tembo mzima yalishapatikana, wakaleta madume sita wakubwa kutoka Kruger. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, Rob Slotow na wenzake akiwemo Gus van Dyk aliyekuwa mwanaikolojia wa hifadhi na Joyce Poole wa Amboseli, na hayana utata. Masti za madogo zikafupika, mauaji ya faru yakakoma. Hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, hapo hapo Afrika Kusini, ambako yatima wengine wa Kruger walipelekwa na faru nao wakauawa, wakaletwa madume wakubwa vile vile.

Hapo ndo wengi wanafunga kitabu. Tatizo lilikuwa wakubwa, wakubwa wamekuja, limeisha. Na mi nakubaliana na sehemu ya hoja hiyo, tena ni muhimu kuitetea, kwa sababu kuna wanaoenda upande wa pili wakasema mauaji yalitokana moja kwa moja na kutenganishwa na mama, na hilo kisa chenyewe hakilisemi. Majike walitenganishwa vile vile, hawakuua. Madume yatima walivyopata wakubwa waliacha, na mama zao hawakufufuka. Kwa hiyo kilichowasha moto ni homoni bila wakubwa. Kutengana na mama kulikuwa chini ya hapo, mahali pasipoonekana haraka, na ili upaone inabidi uwaulize wale ambao hawakufanya fujo.

Swali hilo liliulizwa kwa utafiti uliotoka mwaka 2013, ukiongozwa na Graeme Shannon na Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, pamoja na Slotow, Poole, Moss na Katito Sayialel, mama wa Kimasai ambaye amefanya kazi na tembo wa Amboseli miaka mingi na anawajua kwa sura. Walichofanya ni rahisi kueleza. Unasimamisha gari mbali kidogo na kundi la majike na watoto, unaweka spika kubwa, unapiga mngurumo wa tembo mwingine aliyerekodiwa, halafu unaangalia. Mara unapiga sauti ya jirani wanayemjua, mara ya mgeni kabisa. Mara sauti ya jike kijana, mara ya jike zee, na jike zee mgeni ndo wa kuogopwa zaidi maana wakubwa ndo wenye amri.

Amboseli, ambako familia nyingi hazikuvunjwa namna ile, majike walijibu kama watu wanaojua mtaa wao. Sauti ya jirani, wanaendelea kula. Sauti ya mgeni, wanasimama, masikio wazi, mikonga juu wananusa, wanabanana pamoja watoto ndani, na mgeni akiwa mzee wanazidi kubanana. Pilanesberg majibu hayakuwa na mpangilio. Hawakutofautisha jirani na mgeni, wala mzee na kijana. Wengine wanashtuka pasipo na sababu, wengine hawajali palipo na sababu. Na hapa ndo pananiuma, maana wakati wa jaribio hilo walishakuwa majike wazima, wana watoto wao, miongo imepita tangu Kruger, faru hawauawi tena, watalii wanapiga picha za familia nzuri ya tembo inakunywa maji, na ukiangalia kwa macho tu huwezi kuona kwamba kuna kitu hakipo.

Kinachokosekana ni nini hasa? Mi nakiona ni vitu viwili vilivyoshikana. Kimoja ni elimu, nani ni nani, sauti ipi ni ya kuogopa, kitu ambacho McComb na wenzake walishaonyesha mwaka 2001 hapo hapo Amboseli kwamba familia yenye bibi mzee inatambua sauti za wageni vizuri zaidi na inazaa vizuri zaidi. Cha pili ni kipimo cha hofu chenyewe. Mtoto anajifunza kuogopa kwa kuangalia mama. Kitu kikitokea anamtazama mama, mama akiendelea kula mtoto naye anatulia, mama akikimbia anakimbia. Ukimwondoa mama mapema, mtoto anabaki na hofu isiyo na mwongozo, ama anaogopa kila kitu ama haogopi chochote.

Kwa wanyama wadogo hili limefuatiliwa mpaka ndani ya ubongo. Michael Meaney na wenzake kule Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, waliwaangalia panya mama, wapo wanaolamba watoto wao sana na wapo wanaolamba kidogo, na watoto waliolambwa kidogo walikua na mfumo wa stresi ambao ukishawaka unachelewa kuzima. Panya siyo tembo, najua. Lakini kwa tembo tuna kipimo cha karibu na nyumbani.

Mikumi, Tanzania. Aliyewahi kupanda basi la Iringa au Mbeya anaijua, barabara inakatiza katikati ya hifadhi na tembo unawaona dirishani. Kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku duniani mwaka 1989 majangili walikuwa wameshawamaliza wengi pale, na jangili huanza na wenye meno makubwa, yaani wazee. Miaka mingi baadaye Kathleen Gobush, Samuel Wasser na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, wakawafuatilia majike waliobaki kwa kuokota vinyesi vyao na kupima homoni za stresi, matokeo yakatoka 2008. Majike walio kwenye makundi yasiyo na bibi mzee na yasiyo na ndugu wa damu wa karibu walikuwa na homoni hizo juu zaidi, na walizaa kidogo zaidi. Hawa hawakufungwa kamba kwenye mzoga wa mtu, hawakupakiwa lori, wako kwenye pori lao lile lile walilozaliwa. Bado mwili unadai.

Sasa kuna swali ambalo huwa linaulizwa kila mara nikielezea haya: je yatima wote ndo wameshaharibika? Hapana, na ushahidi uko Nairobi. Kituo cha Sheldrick kimelea watoto wa tembo yatima kwa miongo, na njia yao ilitokana na maumivu. Mwaka 1974 Daphne Sheldrick, aliyekuja kukianzisha, alikuwa na kitoto kinaitwa Aisha, kinamtegemea yeye peke yake, akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha akagoma kula na akafa. Tangu hapo walezi ni wengi na wanapokezana, mtoto asimshike mtu mmoja akabaki bila chochote mtu huyo akitoka. Usiku mlezi analala bandani na mtoto. Chupa ya maziwa inatolewa kila baada ya masaa matatu hivi, na huwa wanatundika blanketi ili mtoto aegemeze mkonga wake hapo wakati ananyonya, kwa sababu kwa mama angeuegemeza tumboni. Mi hilo blanketi nalikumbuka kuliko mambo mengine yote ya kituo kile, maana aliyeligundua alikuwa anamwangalia mtoto na siyo kumlisha tu.

Baadaye wanahamishiwa upande wa hifadhi ya Tsavo, wanakuta yatima waliowatangulia, majike wakubwa wanawachukua, na tembo wa porini wanakuja kunywa maji pale pale, madume wazee wakiwemo. Kuondoka ni uamuzi wa tembo mwenyewe na unachukua miaka. Wapo waliozaa porini na wakarudi na watoto wao mpaka kwa walezi. Linganisha na Pilanesberg: walishushwa kutoka kwenye lori, geti likafungwa. Kupoteza mama ni kule kule. Tofauti iko kwenye kilichofuata, nani alikuwepo siku ile, wiki ile, na mwaka ule, na kama kulikuwa na mkubwa anayejua anachofanya. Sidai kwamba wa Tsavo hawana kovu, spika ya McComb ingeweza kuonyesha mengine, ila wamepewa njia ya kurudi kwenye jamii ya tembo na wengi wameishika.

Kisera mambo yalibadilika. Mwaka 1993 wakati wa ukame Zimbabwe, Clem Coetsee na timu yake walihamisha familia nzima za tembo kutoka hifadhi ya Gonarezhou pamoja na wazima wao, ikaonekana inawezekana, na kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2008 zikataka familia isivunjwe wakati wa kuhamisha. Hilo nalipongeza bila kusita, tena watu wa hifadhi zetu wanaohamisha tembo wanaovamia mashamba walifuate neno kwa neno hata kama gharama inakuwa mara mbili.

Lakini Zimbabwe hiyo hiyo iliendelea kukamata watoto wa tembo kwenye hifadhi ya Hwange, wanatenganishwa na familia kwa helikopta kama zamani, wanapakiwa kwenye ndege kwenda bustani za wanyama China. Agosti 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Geneva na kupiga kura kuzuia karibu biashara yote hiyo, kanuni ianze kutumika mwishoni mwa Novemba. Oktoba, kanuni ikiwa bado haijaanza, wakasafirishwa watoto zaidi ya 30. Madume waliomo humo watafika umri ule wa 18 kwenye miaka ya 2030, ndani ya uzio, na kule hakuna madume sita wakubwa wa Kruger wa kuletwa na lori.